Wanajua kukanusha, hawajui kukataa: barua ya wazi kwa viongozi wa vyama vya Kiswahili

Waheshimiwa viongozi,

Nawaandikia ninyi mnaoongoza vyama vya walimu na wataalamu wa Kiswahili, Afrika Mashariki na ughaibuni, pamoja nanyi mlio kwenye mabaraza ya lugha na kwenye Kamisheni ya Kiswahili. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwa wageni. Sina cheo kwenye chama chochote. Ada yangu ya uanachama nalipa (mwaka juzi nilichelewa, mnisamehe), na kwenye makongamano hukaa viti vya nyuma, karibu na mlango. Ninayotaka kuyasema leo hayajawahi kuenea kwenye zile dakika tano za maswali na majibu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Miezi mitatu iliyopita shirika moja liliniomba nizungumze kwa nusu saa na kijana wa kigeni ambaye lilitaka kumwajiri kwa kazi za vijijini, kisha niwaambie kama Kiswahili chake kinatosha. Alikuja nyumbani kwangu na cheti ndani ya bahasha ya plastiki. Karatasi nzito, mhuri wa buluu, saini mbili, na maandishi yaliyokolezwa: "Kiswahili, Ngazi ya Juu". Hata hatujakaa sawasawa, mke wangu akatoka na sinia. "Karibu chai, mwanangu." Kijana akamtazama usoni, akajibu kwa matamshi ambayo watangazaji wengi wa redio wangeyaonea wivu: "Hapana. Sitaki chai."

Mke wangu akacheka tu, akaweka kikombe mezani, akarudi zake ndani. Kijana hakuwa na habari kwamba kumetokea jambo. Na kwa mtihani aliofanya, hakuna lililotokea. "Kanusha sentensi ifuatayo: Ninataka chai." Jibu: "Sitaki chai." Alama mbili kati ya mbili. Kukanusha anajua vizuri mno. Kukataa ndiko hajui, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba chai hukataliwa kwa kushukuru, au kwa kusingizia kwamba umetoka kunywa sasa hivi, au kwa kuahidi kuja kuinywa siku nyingine, na ukibanwa sana unapokea kikombe ukakiacha kipoe. Na kwa kuwa hakufundishwa, wala aliyempa cheti hakuona haja ya kumpima kwa hilo.

Huyo ni wa kwanza. Wa pili ni muuguzi, mama wa makamo, aliyefanya kazi miaka sita kwenye zahanati ambako hapakuwa na hata mtu mmoja anayesema lugha yake. Kiswahili alikiokota wodini na sokoni. Nimemsikia kwa masikio yangu akimtuliza bibi aliyekuja juu kwa sababu dawa zimeisha: "Bibi, una haki ya kukasirika, hata ningekuwa mimi ningekasirika. Hebu kaa kwanza hapa kivulini nikueleze." Sikilizeni hizo "nge" mbili zilivyotulia mahali pake. Basi mwajiri wake mpya akataka karatasi. Muuguzi akaenda kwenye kituo kimoja, akalipia mtihani, akafeli. Swali la kwanza lilimtaka ataje ngeli tano na mifano yake. La pili, aeleze dhima za kiambishi "ki". La tatu lilihusu mofimu, vile vipande vidogo vya neno vyenye maana. Jioni ile alinipigia simu akaniuliza, bila utani wowote: "Mwalimu, mofimu ni ugonjwa gani?"

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana maswali ya aina hiyo nimewahi kuyatunga mwenyewe.

Ninachowaomba ni kimoja. Kaeni pamoja, mtengeneze jedwali moja la ngazi za umilisi, yaani uwezo wa kukitumia Kiswahili, kwa wageni, lililoandikwa kutokana na Kiswahili chenyewe, na mfunze wapimaji watakaolitumia. Mtihani na vyeti vifuate baadaye. Mpaka sasa, pale ninapofanyia kazi, mambo yanakwenda kinyume: vyeti vipo tele, kila kituo na chake, na kila kimoja kina "ngazi ya kati" yake.

Zamani suala hili lingeweza kusubiri. Sasa hivi sioni linasubirije. Agosti 2019 SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikiingiza Kiswahili kwenye lugha zake rasmi. Novemba 2021 UNESCO ikaitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Lakini lugha ikishakuwa ya kazi watu huajiriwa kwayo, na anayeajiri ana swali moja tu: huyu anakijua kwa kiasi gani? Miaka yote hii sijawahi kuletewa cheti cha Kiswahili ambacho nikikiona tu najua mwenye nacho anaweza nini na hawezi nini. Cha Kifaransa nikiletewa kimeandikwa B2, ya nne kati ya ngazi sita za Ulaya, najua. Nami Kifaransa chenyewe sikijui.

Tumefikaje hapa? Nadhani sababu kubwa ni kwamba walimu wengi wa wageni tulitokea sekondari, na tulivua sare bila kuvua mtihani. Tazameni mtihani wa Kiswahili wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari Kenya: karatasi ya kwanza ni insha, ya pili ni ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha na isimujamii, ya tatu ni fasihi. Ni mtihani mzuri kwa aliyekusudiwa. Unamkuta mtoto anayeongea tayari, anayejua kuomba, kuaga, kudanganya na kubembeleza kwa Kiswahili, kisha unamuuliza kama anaweza kuitazama lugha yake kwa jicho la mchambuzi. Ndiyo maana hauhangaiki kumuuliza kama anaweza kukodi chumba. Sisi tukauchukua ulivyo, tukaupunguza ugumu, tukampa mgeni. Matokeo yake tunapima anachokijua mtu kuhusu Kiswahili, halafu tunaandika kwenye cheti kwamba anakijua Kiswahili.

Wenzetu wa lugha nyingine nao walipitia hapo. Marekani, miaka ya 1950, wizara yao ya mambo ya nje iligundua kuwa hawajui kwa uhakika ni maofisa gani wanaoweza kuongea lugha za nchi wanakopelekwa. Alama za darasani hazikuwasaidia. Taasisi yao ya mafunzo ikaunda kipimo cha ngazi kuanzia 0 hadi 5, kilichouliza mtu anaweza kufanya nini na lugha. Kilibaki serikalini miaka mingi, hadi walimu wenyewe walipokichukua kupitia baraza lao la ufundishaji wa lugha za kigeni, ACTFL, lililoanzishwa 1967. Walikipanua sehemu za chini, kwa sababu mwanafunzi wa darasani hupanda polepole kuliko balozi, wakachapisha mwongozo wao 1986, na wameurekebisha mara kadhaa tangu hapo, mara ya karibuni 2024. Ulaya nako vyuo vikuu vya Cambridge na Salamanca vilianzisha umoja wa watahini wa lugha, ALTE, mwaka 1989, na Baraza la Ulaya likatoa 2001 zile ngazi sita, A1 hadi C2, ambazo leo kila mtu anazitaja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni. Kabla mtihani wenyewe haujafanywa 1964, liliundwa kwanza baraza, mwaka 1962, lililokusanya wawakilishi wa taasisi zipatazo 30, za serikali na za binafsi. Taasisi 30, kila moja na ubishi wake, na ndani ya miaka miwili mtihani ukapatikana. Sisi kamati ya kuandaa khanga za kongamano hutuchukua miezi minane.

Nirudi kwenye kipimo. Wengi wetu tumesikia habari za usaili wa umilisi, ule wa ACTFL, bila kuuona ukifanyika, na ukiuona unaelewa kwa nini karatasi ya ngeli haiwezi kushika nafasi yake. Ni mazungumzo ya dakika 20 hadi 30. Mpimaji anaanza na maongezi mepesi ili mtu atulie, na hapo hapo anatega sikio kujua anapenda nini na anaishije. Kisha anatafuta sakafu, yaani kiwango ambacho mtahiniwa anasimama imara bila kutetereka. Akiipata anaanza kutafuta dari: anampandishia kidogo, anamtaka asimulie, alinganishe, atetee hoja, atatue jambo lililoharibika, mpaka lugha imkatikie. Kukatika si aibu, ndiko kunakotafutwa, kwa sababu pasipo dari huwezi kusema mtu yuko ghorofa ya ngapi. Wakishafika hapo mpimaji anamteremsha taratibu hadi kwenye yale anayoyaweza, ili aondoke akiwa na moyo. Mazungumzo yanarekodiwa, mpimaji wa pili anayasikiliza bila kujua wa kwanza ameandika nini, na wakitofautiana yanapelekwa kwa wa tatu.

Najua kuna watakaosema: basi usaili huo wa ACTFL hutolewa kwa Kiswahili pia, tuutumie, kazi imekwisha. Nauheshimu, na walimu wenzetu walioufanyia kazi huko wametutangulia mbali. Lakini ngazi zinazoandikwa ili zifae lugha zote lazima ziwe na maneno ya jumla, na kila lugha hudai kuyajaza kwa namna yake. Wazungu wenyewe walilijua hilo. Baraza la Ulaya lilipotoa mwaka 1975 maelezo ya kiwango cha kizingiti, yaani lugha inayomtosha mgeni kujitegemea, kwa Kiingereza, Wafaransa hawakuyatafsiri. Walikaa wakaandika yao, yakatoka 1976, yakiwa na mpangilio tofauti. Kama Kifaransa kilikataa kuvaa koti la Kiingereza, na nchi zao zimetenganishwa na mkono mdogo tu wa bahari, Kiswahili kitalivaaje?

Nitoe mifano, maana hapa ndipo ninapoishi.

Kwenye vipimo vingi, mtu akiweza kusimulia mambo yaliyopita, yaliyopo na yajayo huhesabiwa kuwa amevuka mto mkubwa. Kwa anayejifunza Kihispania au Kifaransa ni kweli, wakati uliopita peke yake ni mlima. Kwetu "li", "na" na "ta" hufundishwa wiki ya pili, na hazina ukaidi wowote. Mwanafunzi wa miezi miwili ataniambia: "Nilienda sokoni. Nilinunua nyanya. Nilirudi nyumbani. Nilipika." Hakuna kosa hata moja, na hakuna Mswahili anayesimulia hivyo isipokuwa anaandikisha maelezo polisi. Aliyefika atasema: "Nilienda sokoni nikanunua nyanya, nikarudi zangu nyumbani nikapika." Hiyo "ka" ndiyo mto wetu. Na hiyo "zangu" peke yake ningeipa ngazi nzima.

Au chukueni "me". Muulizeni mwanafunzi mama yuko wapi. Atajibu, "Analala." Mwenyeji atasema, "Amelala." Amevaa, amesimama, amekasirika, amechoka: hali yote ya mtu hapa tunaibeba kwenye "me", na mgeni huchukua mwaka, pengine miwili, kuacha kuitafsiri kichwani. Hakuna jedwali la kigeni litakaloweka jambo hilo mahali pake, kwa sababu aliyeliandika hakuwa na "me".

Upatanisho nao. Tunapenda kuwauliza wageni ngeli kwa majina, wakati kinachohesabika ni kama wanaweza kuishikilia ngeli sentensi inapokuwa ndefu. "Vile viatu ulivyoninunulia mwaka jana vimechakaa, nimevigawa." Hapo ngeli imerudi mara tano. Wa ngazi ya chini atasema "viatu vile" vizuri tu, akifika kwenye kitenzi cha pili ataanza kubabaika: "imechakaa, nimeigawa." Wa ngazi ya kati ataifikisha kwenye "vimechakaa" na kuiangusha mwishoni. Nimesikiliza wanafunzi wengi mno, na naamini pale mtu anapouangusha upatanisho ndipo dari lake lilipo, au jirani nalo sana. Tena hilo linaweza kuhesabiwa kwenye rekodi, mtu yeyote akiwa na subira ya kusikiliza. Halafu mpeni kiboko. Akisema "kiboko mkubwa amelala" kwa yule wa mtoni na "kiboko kikubwa kimekatika" kwa kile cha kuchapia, bila kusita, msimuulize tena habari za ngeli.

Na kisha ndiyo hayo ya chai. Kukataa, kuomba, kutoa pole msibani, kukatisha maongezi ya mtu mzima bila kumvunjia heshima, kuingia kwenye nyumba ya watu na shida yako na usiitaje mpaka salamu ziishe. Vitabu vingi vya wageni huyaweka kwenye kisanduku pembeni, "utamaduni wa Waswahili", na picha ya mlango wa Zanzibar. Mimi nasema hayo ni lugha. Mtu asiyejua kwamba "nina shida kidogo" ni mlango wa ombi kubwa hajajua maneno hayo matatu, hata kama anaweza kuyatafsiri moja moja.

Kazi ya kuyaandika haya yote katika ngazi haiwezi kufanywa na mwalimu mmoja mwenye maoni makali. Nalijua hilo kwa sababu nimejaribu. Mwaka fulani tulikuwa walimu saba kwenye warsha, tukawekewa rekodi ya dakika sita ya mwanafunzi mmoja, kila mtu aandike ngazi kimya kimya. Karatasi zilipofunguliwa, wawili walikuwa wameandika mwanzo, watatu kati, wawili juu. Dakika sita zile zile! Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Mwenzetu mmoja alikuwa amemkata alama kwa kusema "naenda" badala ya "ninaenda". Mwingine alimpa ngazi ya juu kwa sababu alitumia methali. Mimi nilimshusha kwa ajili ya "analala", nikatetea msimamo wangu kwa ukali ambao sasa unaniaibisha. Mwanafunzi hakuwa na tatizo lolote. Sisi ndio tuliokuwa vipimo saba tofauti, na kila mmoja kati yetu alikuwa akitia saini vyeti huko kwake.

Kwa hiyo, viongozi, wapimaji kwanza. Wachaguliwe, wasikilize rekodi za pamoja, wakubaliane, wajaribiwe upya kila baada ya miaka kadhaa kama madereva, na atakayekuwa amepotoka apumzishwe. Na mwalimu asimpime mwanafunzi wake. Hili najua litawauma baadhi yetu, maana kituo kinachofundisha ndicho kinachotoza ada ya mtihani na ndicho kinachotaka tangazo la "wahitimu wetu wote wamefaulu". Taasisi ile ile ya mafunzo ya Wamarekani niliyoitaja hukiweka Kiswahili kundi moja na Kijerumani, Kimalei na Kiindonesia, lugha zinazowachukua watu wao takriban wiki 36 za kusoma kutwa kabla ya kuzitumia kazini kwa ufanisi. Halafu mimi naona mabango ya "Ngazi ya Juu kwa wiki nane". Kwenye hizo wiki nane sijui hata "me" inaingia lini.

Mtaniuliza: Kiswahili kipi? Swali hili limeua mipango mingi, nami naliogopa kidogo. Aliyejifunzia Zanzibar atasema "skuli", wa Bara atasema "shule". Wa Nairobi atachanganya na ya mtaani. Wa Goma atakuja na lake. Nadhani tumelifanya swali kuwa kubwa kuliko lilivyo. Ngazi za chini zipokee Kiswahili chochote kinachoeleweka na wenyewe wa mahali alikojifunzia. Kadiri mtu anavyopanda, atakiwe kujua kubadilika: aongee cha mtaani mtaani na sanifu ofisini, na ajue tofauti yake. Hivyo ndivyo wenyeji mahiri wafanyavyo. Kinachotakiwa ni wapimaji waliotoka pande zote hizo wakae kwenye chumba kimoja, asiwepo wa pwani pekee, wala wa chuo kikuu pekee. Kamati iliyosanifisha lugha hii miaka ya 1930 ilikuwa na Waingereza wengi mezani kuliko wasemaji. Safari hii tunaweza kufanya vizuri zaidi.

Wengine watasema hii ni kazi ya serikali. Sheria iliyoanzisha BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, ni ya 1967, BAKIZA ya Zanzibar ipo, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar, na sitaki mtu hata mmoja kati yao abaki nje. Muhuri wao utahitajika. Ila serikali haiwezi kusikiliza rekodi elfu moja. Wanaoweza ni walimu, na walimu wako kwenye vyama: CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani, tangu 2012, ALTA, cha walimu wa lugha za Kiafrika huko Marekani, tangu 1988, CHAKITA, chama cha Kiswahili cha taifa Kenya, na vingine vya vyuoni na vya mikoani ambavyo havijulikani nje ya barua pepe za wanachama wake. Kila chama kina kongamano, kila kongamano lina mada ya "changamoto za kufundisha Kiswahili kwa wageni", na kila mada ya namna hiyo huisha kwa kupendekeza utafiti zaidi. Nimeziandika mbili mimi mwenyewe.

Msianze na mtihani mkubwa wa dunia nzima. Na msianze na karatasi ya kuchagua jibu kwa sababu tu ni rahisi kusahihisha kwa mashine. Wajapani walianzisha wao 1984, wakapata watahiniwa wapatao 7,000 mwaka wa kwanza, leo ni mtihani mkubwa unaoheshimika, na mpaka sasa hauna sehemu ya kuzungumza. Lugha yenye maandishi magumu kama yao inaweza kujitetea. Sisi ambao lugha yetu inasomeka kama inavyotamkwa, tukipima kusoma bila kuongea tutakuwa tunatoa vyeti vya kujua herufi.

Anzeni na sauti. Chama kimoja kikusanye rekodi, kingine kiandae wasikilizaji, cha tatu kiandike rasimu ya ngazi kutokana na kilichosikika. Jambo dogo kuhusu majina: tukubaliane kwanza tunapima kitu gani, maana wengine wanakiita umilisi, wengine umahiri, wengine ustadi, na Kenya neno la kwanza limeshachukuliwa na mtaala wa shule. Mimi nimetumia umilisi kwenye barua hii kwa mazoea tu. Mkichagua jingine nitalifuata, mradi ubishi wake umalizike siku moja na usihamie mwaka unaofuata.

Kuhusu fedha sina mengi. Najua hazipo. Najua pia kwamba chumba, kinasa sauti na walimu kumi na wawili kwa siku tatu ni gharama ndogo kuliko chakula cha jioni cha kufungia kongamano, ambacho mimi pia hukila.

Yule kijana wa chai nilimwandikia ripoti ya kurasa mbili, kwa sababu sikuwa na ngazi ya kumwandikia ambayo mwajiri angeielewa. Walimchukua, na nimesikia anajifunza haraka. Muuguzi anarudia mtihani Januari. Tumeanza kukutana kila Jumamosi asubuhi, namfundisha mofimu. Anashika vizuri, ila kila tukimaliza ananiuliza zitamsaidia nini wodini, nami hubadilisha mazungumzo.

Kwenye kompyuta yangu nina rekodi 43 za wanafunzi wa ngazi mbalimbali, za kuanzia dakika nane hadi nusu saa, zote kwa ruhusa ya maandishi ya waliorekodiwa, majina yametolewa. Kadhaa ni mbaya kwa sababu ya feni. Nawapa bure. Niambieni tu nizipeleke ofisi gani, na nimkabidhi nani.

Wenu,
Mwalimu wa Kiswahili kwa wageni, wa viti vya nyuma